Gari la Kijani na Keki ya Haji

Aibu nyingine mtu unaipata peke yako chumbani, unajifunika shuka, yanaisha. Yangu mimi niliipata hadharani pale Pearl, kisiwa cha matajiri, mbele ya watu wazito wa Doha waliovaa kanzu nyeupe zilizonyooka kwa pasi, mbele ya tajiri yangu na mke wake, mbele ya wapiga picha, na mbele ya Odhiambo, ambaye huyo peke yake anatosha kuwa redio. Na nimeamua kuiandika mwenyewe kwa sababu kila Odhiambo akiisimulia kule mtaani Najma gari linaongezeka mwendo (mara ya mwisho nilisikia eti niliruka juu ya boti, sikuruka juu ya boti), na wageni wanaofika kutoka nyumbani wananikagua usoni wakitafuta makovu. Basi kaeni vizuri niwape yenyewe, cheko lenu mniwekee mwishoni.

Miaka ile nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa familia moja huko Muaither. Baba mwenye nyumba (huku mwajiri tunamwita Baba, hata kama ni rika lako) alikuwa na ugonjwa wake. Wenzake wenye uwezo walikuwa na ngamia wa mashindano na kozi wa kuwindia, yeye alikuwa na magari, na wala siyo haya mapya ya vijana wanaounguruma barabarani, la, magari ya mashindano ya zamani, ya timu za Waingereza, ya ile miaka ya hamsini, marefu na membamba kama ndizi mshale, kiti kimoja, hayana paa, hayana milango, hayana taa, hayana hata selfu ya kuwashia. Yalikaa kwenye banda nyuma ya nyumba, na banda hilo lilikuwa na kiyoyozi kikali kuliko cha chumba changu. Nilikuwa nikienda kupiga deki kule natamani nisimalize.

Ndoto yangu mimi ilikuwa moja tu, udereva. Madam, yaani mke wa Baba, alikuwa na mabinti wawili wa kupeleka shule, na dereva wao wa siku nyingi, mzee mmoja wa Kerala, alikuwa anarudi kwao kupumzika, na Madam alitaka safari hii awe mwanamke. Leseni ya Qatar nilikuwa nayo mfukoni, niliipata baada ya kuanguka mtihani mara nyingi mpaka mimi na yule askari mtahini tukawa tunaulizana habari za nyumbani. Madam alikuwa upande wangu. Tatizo lilikuwa Baba. Alisema Rehema, yaani mimi, ni mtu mzuri, mwaminifu, anapika pilau la kueleweka, lakini ana haraka, na yeye watoto wake hawezi kumpa mtu mwenye haraka, kwa hiyo ataamua baada ya maonyesho. Hapo ndipo penyewe. Maonyesho ya magari pale Pearl ndiyo yalikuwa usaili wangu, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo, na mimi nilijiapiza kwamba siku hiyo nitatembea taratibu kama bibi harusi.

Sasa kuna mtu lazima mumjue, Mzee Leni. Huyu alikuwa Mwingereza wa miaka sabini na kitu, nyonga moja mbovu, Baba alikuwa akimleta kila majira ya baridi kuja kuyatunza yale magari, kwa sababu alipokuwa kijana alikuwa fundi katika mojawapo ya timu hizo. Mimi nilikuwa nampelekea chai na kufuta oili sakafuni (yanavuja, yale magari, yanavuja kama pakacha, na Mzee Leni anakwambia gari la Kiingereza likiacha kuvuja ujue oili imekwisha), na yeye akinywa chai anasimulia, nami nasikiliza nimeegemea fagio, pilau likiungua jikoni.

Na jamani historia ile ni tamu! Vita imekwisha, Uingereza sukari kwa mgawo, watu hawana kitu, lakini wana viwanja vya ndege vya jeshi vimekaa bure vinaota majani, basi wakapanga mapipa na mafungu ya majani makavu kuzunguka njia za ndege, wakasema haya, hapa ndipo pa kushindania. Na timu zenyewe msidhani ni kiwanda. Timu ilikuwa gereji nyuma ya kituo cha mafuta, mwenye gereji ndiye bosi na wakati mwingine ndiye dereva, mafundi wanne, mmoja wao Leni, na basi bovu lililong'olewa viti ambalo ndani yake ndimo mnamopakia magari, spea, sufuria, na nyinyi wenyewe mnalala humohumo mkivuka Ufaransa kwenda kushindana na Waitaliano wenye viwanda na maovaroli mapya. Kila taifa lilikuwa na rangi yake siku hizo, Waitaliano nyekundu, Wafaransa buluu, Wajerumani fedha, na Waingereza kijani, kwa hiyo ukiona kijani kinatoka moshi pembeni ya barabara unajua ni nani hao. Wakawa wanafungwa, wanafungwa, wanarudi gereji wanachonga tena. Kuna waliochukua injini iliyotokana na ile ya pampu ya zimamoto wakaifunga kwenye gari la mashindano. Wengine wakaichukua injini wakaiweka nyuma ya dereva, watu wakawacheka kwamba wamemfunga punda nyuma ya mkokoteni, na haikupita miaka mingi wale waliokuwa wanacheka wakawa wanahamisha za kwao kimyakimya. Hatimaye kile kijani cha moshi kikaanza kufika mbele. Mzee Leni akifika hapo sauti inamkauka, mimi nachukua kikombe najifanya naongeza sukari.

Mnaniuliza nilipendea nini mambo ya Wazungu wa zamani. Nilipendea kwa sababu ilikuwa ni kwetu tupu! Baba yangu mzazi pale Morogoro alikuwa na pikapu ya kusambazia mikate, bodi ya gari moja, injini ya gari lingine, gia sijui za trekta, na betri hatukuwahi kuwa nayo nzima. Kila alfajiri ilikuwa ni kusukuma. Kaka zangu nyuma, majirani nyuma, muumini yeyote anayetoka msikitini naye nyuma, na mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa mwepesi kuliko wote nawekwa kwenye usukani, kichwa hakionekani, wanasukuma mpaka likipata mwendo wanapiga kelele, "Weka mbili! Achia!", nakanyaga klachi, naweka gia namba mbili, naachia, pikapu inakohoa, inawaka, watu wanashangilia, mikate inakwenda mjini. Niliyajua hayo kabla sijajua kugawanya. Nilipomwambia Mzee Leni alifurahi sana, akasema ndivyo ilivyokuwa na kwao, magari yale hayakuwa na selfu, yaliwashwa kwa kusukumwa na mafundi, na akasema vitabu vimejaa madereva lakini timu ni wale waliokuwa wakisukuma. Akanionyesha na pedali. Klachi kushoto kama kawaida, lakini kwenye lile la kijani alipendalo Baba, mafuta yako katikati, na breki ndiyo iko kulia. Nikacheka, nikasema mtu gani huyo atakayesahau jambo kama hilo.

Basi ikafika siku ya maonyesho. Uwanja ulikuwa kando ya gati la boti za kitajiri, wametandika zulia jekundu, kamba za rangi ya dhahabu, viti vya wageni, meza ndefu ya vyakula, na katikati ya meza hiyo keki. Keki hiyo aliitengeneza Haji, kijana wa Makunduchi, fundi wa keki katika hoteli ya jirani, na ilikuwa gari la kijani, kubwa kama mtoto wa ng'ombe aliyelala, na magurudumu yake, na usukani wake wa chokoleti, na namba ubavuni. Haji alikuwa anaizunguka na kijitambaa anafukuza nzi ambao hawakuwepo. Ratiba ilikuwa kwamba jua likikaribia kuzama, mgeni rasmi akiwa ameshaketi, Mzee Leni angeingia kwenye lile gari la kijani la kweli, mafundi wawili Wafilipino wangemsukuma, na gari lingeunguruma hadharani kwa mara ya kwanza tangu Baba alinunue. Baba alikuwa ameingoja dakika hiyo muda mrefu, na nyumbani wiki nzima hakukuwa na mazungumzo mengine. Asubuhi ile Mzee Leni alikuwa amelipasha moto kule nyuma ya jengo, kwa hiyo mafuta yalikuwemo, na joto lilikuwemo, na vilivyotakiwa kufunguliwa vilikuwa vimefunguliwa tayari.

Kazi yangu mimi ilikuwa kahawa na tende. Lakini wageni wanauliza, nyie, na mimi kunyamaza sikuumbiwa. Mama mmoja akauliza kwa nini gari lile ni la kijani, nikamjibu. Mzee mmoja akauliza mbona hili lina injini nyuma, nikamweleza hadithi ya punda na mkokoteni, akacheka mpaka akaita wenzake. Mara nikajikuta nimezungukwa, birika mkononi, nawaeleza habari za basi bovu na viwanja vya ndege, na hata zile pedali niliwaeleza, nikasema kwa sauti ya mwalimu kwamba jamani hapa katikati siyo breki, ni mafuta, wakashangaa, nikazidi kuvimba kichwa. Nikamwona Madam kwa mbali anamgusa Baba mkono kwamba tazama. Na Baba akatazama. Nikaona kabisa nimewapakia mabinti wale kiti cha nyuma, mmoja anakula chipsi, mwingine anasoma.

Hapo ndipo Baba alipoamua kwamba kabla ya yote lile la kijani lisogezwe mbele kidogo, litoke kwenye zulia, likae kandokando ya boti, wapiga picha walipate na jua nyuma yake. Lisogezwe tu, siyo liwashwe. Mzee Leni alikuwa amekwenda ndani kumeza dawa ya nyonga. Mafundi wa kusukuma wapo, lakini nani ashike usukani? Fundi mmoja alijaribu kuingia akakwama kiunoni, maana kiti kile kilichongwa kwa ajili ya mtu mwembamba wa miaka ya njaa. Wakatazamana. Jua linashuka.

Nikanyoosha mkono.

Hakuna aliyeniita, hakuna aliyenitaja, ni mkono wangu wenyewe uliokwenda juu, na uamuzi mdogo kama huo ndio uliozaa mengine yote. Nilisema Baba, mimi ni mwepesi, na usukani naujua. Baba alimtazama Madam, kisha akaniambia neno ambalo nilitakiwa nilifunge kwenye ncha ya kanga. "Unashika usukani tu, Rehema. Hugusi kitu kingine."

Nikasema inshallah, na nilimaanisha. Wakanichomolea usukani (unachomoka, ndivyo unavyoingia), nikajipenyeza, wakaurudisha, nikawa nimekaa ndani ya gari la mashindano la Waingereza na hijabu yangu na yunifomu ya kazi, miguu imenyooka mbele kama niko kitandani, rungu la gia limechomoza karibu na goti, harufu ya oili na ngozi ya zamani inanipanda kichwani kama karafuu. Mafundi wawili wakaweka mikono yenye glavu nyeupe kwenye mkia, wakaanza kusukuma polepole, kwa adabu. Gari likasogea. Likatoka kwenye zulia. Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawasawa, na ningeweza kuwa leo nawasimulia habari nyingine kabisa.

Lakini pale kwenye kamba walikuwa wamesimama walinzi, na mlinzi wa kwanza alikuwa Odhiambo, mtu wa Kisumu. Sasa mimi nawauliza, mtu wa kwetu, awe Mkenya, Mtanzania au Mganda, anaweza kuona gari linasukumwa na watu wawili akabaki amesimama? Haiwezekani. Hatukulelewa hivyo. Gari likisukumwa ni mali ya umma, unatua mzigo unaenda, hujaulizwa na huulizi. Odhiambo alivumilia kama hatua tano, akashindwa.

"Hawa wasee wanasukuma kama wanabembeleza mtoto," nikamsikia. "Twende kazi."

Akaruka kamba. Nyuma yake mlinzi mwenzake. Nyuma yao mpagazi mmoja wa Kampala akaacha toroli lake katikati ya njia, wahudumu wawili wa kutoka Tanga wakaweka trei zao chini kwenye zulia, na sijui wengine walitoka wapi, nilichosikia ni vishindo tu na sauti ya Odhiambo inapanda, "Harambee!", na wote wanaitikia, "Hee!", na gari ambalo lilikuwa linatembea kama bibi harusi likaanza kukimbia. Wale mafundi wawili walibaki nyuma na glavu zao. Mimi usukani nimeushika sawasawa, nikiri, sijayumba hata kidogo, boti zinapita kulia kwangu, upepo unaingia chini ya hijabu, na (aibu hii niimalize yote) nilikuwa nafurahi mno. Hapo ndipo Odhiambo alipopaza sauti kutoka nyuma, kwa nia njema kabisa.

"Siz, weka mbili! Achilia!"

Naapa mimi sikuamua. Kichwa changu kilikuwa bado kiko kwa Baba na maneno yake, ila mguu wa kushoto ulikuwa Morogoro. Mguu ukakanyaga, mkono ukavuta rungu, mguu ukaachia.

Mnajua radi ikipiga karibu na bati? Lile gari halikukohoa kama pikapu ya baba yangu, liliwaka palepale kwa mlio uliowatoa ndege kwenye minazi yote ya mapambo, na kutoka kwenye mabomba yake mawili kikatoka kitu cheusi, moshi na masizi na matone ya oili, vikaenda moja kwa moja upande wa viti vya wageni. Mimi sikuviona wakati huo. Mimi nilikuwa natafuta breki.

Na breki kila mtu anajua iko katikati.

Jamani! Nilikanyaga kati kwa nguvu zangu zote, na gari likaruka mbele kama limechomwa sindano, nikazidi kukanyaga kwa kuwa breki isiposhika unakanyaga zaidi, likazidi kuruka, nikawa napiga kelele "Breki! Breki!" kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na hiyo pedali ambayo nusu saa tu iliyopita nilikuwa nawafundisha wageni kwa sauti ya mwalimu, wala haikunijia. Kitu kimoja nilichoweza ni usukani. Kulia kulikuwa na bahari na boti za bei isiyosemeka, nikakata kushoto. Kushoto kulikuwa na kina mama na watoto, nikanyoosha. Mbele kulikuwa na meza ya vyakula, na nyuma ya meza amesimama Haji na kijitambaa chake, nikamwona macho yake, alikuwa haniangalii mimi, anaiangalia keki. Hapo ndipo mguu ulipokumbuka kulia, Alhamdulillah, breki ikashika, magurudumu yakalia, injini ikakata, na gari likateleza kwa upole wa mwisho mpaka pua yake ndefu ya kijani ikaingia ndani ya pua ya kijani ya keki, taratibu, hadi kwenye namba ubavuni. Meza ikainama. Sehemu ya keki iliyobaki ikaja yenyewe kwangu, ikanifunika kuanzia kichwani hadi kifuani.

Nilifuta macho, nikageuka nyuma kadiri shingo ilivyoruhusu. Odhiambo na timu yake wamesimama mikono bado imenyooshwa, nyuso nyeusi kwa masizi. Safu nzima ya mbele ya wageni, kanzu nyeupe zote zina madoa kama ya chui, na katikati yao mgeni rasmi ameshika kikombe cha kahawa chenye oili juu. Madam amejifunika mdomo kwa shela. Baba amesimama peke yake palepale gari lilipoanzia, mikono pembeni, na jua, lile jua la picha, linazama nyuma yake vizuri kabisa bila gari. Wapiga picha walikuwa wanapiga, lakini walikuwa wananipiga mimi.

Mgeni rasmi ndiye aliyeanza kupiga makofi. Sijui alidhani ni sehemu ya onyesho au alikuwa muungwana tu, alipiga makofi na wote wakafuata, na makofi yale yalinichoma kuliko matusi, maana nilimwona Baba naye anapiga, polepole, huku ananitazama. Mzee Leni alitoka ndani anachechemea mbio, mikono kichwani, akalizunguka gari, akalitia kidole puani, akatoa krimu, akaikagua, kisha akainama kuniangalia kama niko mzima. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Kunitoa ilibidi wauchomoe tena usukani, na kiatu kimoja kikabaki ndani. Haji aliokota lile gurudumu moja la keki lililopona, akaondoka nalo hotelini kwao.

Kesho yake nilifungasha begi langu mwenyewe bila kuambiwa, nikakaa juu yake, na simu haikunyamaza kwa sababu video ilikuwa imeshafika Morogoro kabla yangu, mama yangu anauliza kile nilichovaa kichwani ni kitu gani, na kaka yangu mkubwa anauliza kama gari liliwaka kwa gia namba mbili. Nikaitwa sebuleni. Baba yuko, Madam yuko, Mzee Leni yuko na kikombe ambacho safari hii alijitengenezea mwenyewe. Gari, akasema Mzee Leni, halikupata kitu isipokuwa sukari. Akaanza kunitetea, akasema hata wao zamani walipopungukiwa mafundi waliwahi kusukumwa na wahudumu wa mgahawa katika mji mmoja wa Ufaransa, na likawaka kabla bosi hajaruhusu, na bosi alikasirika siku nzima halafu akawanunulia wote chakula. Baba akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu, kwamba kwa nini nilikata kushoto halafu nikanyoosha.

Nikamwambia kulia palikuwa na boti na kushoto palikuwa na watoto.

"Na mbele?"

"Mbele palikuwa na keki, Baba."

Nikasikia Madam anakohoa kwa namna ya mtu anayezuia kicheko, lakini Baba hakucheka. Alisema mikono yangu ameiona na ameipenda. Alisema pia kwamba alinipa amri moja, ndogo, na ilipotoka sauti nyingine nyuma yangu nikaifuata hiyo, na dakika aliyoingoja muda wote huo niliitumia mimi. Alilisema bila ukali, na ndilo lililoniumiza, kwa sababu lilikuwa kweli, mzee wa watu alitaka kusimama na wageni wake na kulisikia gari lake likiwaka, akaambulia kufuta kanzu. Nikamwomba radhi, na sikuwa na mzaha wowote. Akasema mabinti sitawaendesha. Nikainuka nikachukue begi. Akasema hajamaliza, nitaendesha gari la sokoni.

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, jamani, na mnaoniona leo dereva mzima mjue nilianzia wapi, nilikuwa dereva wa vitunguu. Mchele, vitunguu, maji ya chupa na sabuni, hao ndio abiria wangu, nawafungia mkanda nawashusha salama, huku dereva mwingine, dada mmoja mpole kutoka Nepal, anapita na mabinti wananipungia mkono. Zilipita Ramadhani mbili ndipo yule dada alipoolewa akarudi kwao, na asubuhi moja Baba akatoka nje mwenyewe, akawafungulia mabinti mlango wa gari langu, akafunga. Niliendesha hadi shuleni machozi yananitoka, binti mkubwa ananiuliza Rehema una mafua?

Funzo ninalo, na nawapa bure: mtu akikupa amri moja, ishike hiyohiyo, hata nyuma yako waitike harambee dunia nzima. Nimeapa sitanyoosha tena mkono kabla sijaitwa, na sitafuata tena sauti ya Odhiambo, ambaye mpaka kesho hajaomba msamaha na anadai gari liliwaka kwa juhudi zake. Magari ya huku hayana klachi, kwa hiyo nimetulia kabisa, Baba ana amani, mabinti wanafika salama. Ila wiki iliyopita, tukiwa tumesimama kwenye taa pale karibu na Najma, nikaona vijana wanasukuma gari bovu kando ya barabara, mmoja wao anapiga kelele kwa Kiswahili, na binti mdogo akaniuliza kwa nini mguu wangu wa kushoto unakanyaga sakafu.